Kuvaa vizuri kisha kuzaa, na nguo za nyumba nzima zinangojea ku beseni: maswali yenye ba mama wa Goma banaulizaka kila siku

Mimi ni fundi wa kushona huku Majengo na tena ni mama, kwa hiyo kila mwenye analeta robu ya kupanua ananiulizaka pia maneno ya kufula, juu hizi kazi mbili haziachanake. Ukishazaa, nguo haichaguliwe tena na kioo peke yake, beseni nayo iko na sauti. Penye haukubali jibu langu, endelea tu na yako.

Nimezaa juzi, nguo zangu za mbele hazinienee. Nizitupe, nizigawe, ao ningoje?

Ngoja kwanza. Kizazi peke yake kinachukuaka kama wiki 6 kurudi ukubwa wake, na maziwa inabadilisha kifua asubuhi na mangaribi, sasa ukinikuja wiki ya tatu na jipi tano za kupanua nitakurudisha nyumbani, juu utalipa mara mbili. Chukua zile chache unapenda kabisa, funga mu kikwembe, weka juu ya kabati usizione kila siku zikakusumbua roho. Zenye haukuzivaaka hata mbele ya mimba, hizo toa, dada yako mdogo yupo.

Wakati wa kupanua ukifika, geuza nguo uangalie mshono ndani. Nguo yenye ilikatwa na fundi mwenye anajua kazi inakuwaka na akiba ya kitambaa pande zote mbili, hapo tunafungua, tunasogeza, hakuna mtu atajua. Za dukani mingi zimekatwa karibu kabisa na uzi, hapo paka kuongeza kipande ku mbavu, na kipande kikichaguliwa vizuri bataamini ni modele uliomba. Na libaya mpya, mwambie fundi mapema: akiba kubwa ku mbavu, na hakuna fermetire ya mgongo.

Kitu kimoja sipendake: mama kushonesha nguo ndogo "juu nitakonda". Shonesha kwa mwili wa leo. Kupunguza nguo ni rahisi kuliko kuongeza, kila fundi atakuambia.

Nguo gani ya kunyonyeshea yenye haifanane na ya maternite?

Libaya ya vifungo mbele, ao ile ya kupishanisha na kufunga kando. Kitambaa cha pamba, chapa ndogo-ndogo ya rangi mingi, juu maziwa ikitoka haionekane, lakini satini ya rangi moja hata tone moja inakutangaza mu kanisa nzima. Kikwembe cha pili ku bega kinafanya kazi tatu: kufunika mtoto, kupanguza mdomo yake, na kukamilisha nguo. Ndani ya sutie kunja kitambaa laini cha pamba cha zamani, fua nyingi ndogo-ndogo, unabadilisha ikilowana, ikikaa na ubichi ngozi ya ziwa inaumia.

Mama mukwe anataka nifunge tumbo na kikwembe kwa nguvu. Nikubali?

Usibishane na mama mukwe, funga, lakini funga polepole. Kikwembe kikishikilia mgongo wakati unainuka na mtoto kinasaidia, ni kweli. Kuyeyusha tumbo, hapana, ile ni bongo. Kama unahema kwa shida, ao mkojo unatoka ukikohoa, legeza. Na kama walikupasua, usiweke kitu cha kubana juu ya kidonda mbele muuguzi akuruhusu.

Huku kwetu maji ni ya kununua ku bidoni. Nifule namna gani na batoto watatu?

Hapa nitaongea sana, juu njo swali lenyewe. Mwenye anaishi karibu na ziwa, Himbi ao Kyeshero, haelewake mama wa Majengo ao Ndosho mwenye kila bidoni ya litre 20 imepanda na kichwa, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ao na franga. Na hata mwenye iko na robine anajua inakaukaka bila kuaga, mwisho wa Januari 2025 mji nzima ulikosa maji na umeme, tukashuka wote ku ziwa na mabidoni.

Jambo la kwanza si sabuni, ni kupunguza chenye kinaingia ku beseni. Nguo yenye mtoto alivaa saa mbili kanisani haijachafuka, ikung'ute, ianike kwenye upepo, irudishe. Ya kuchezea mu vumbi iwe ileile siku mbili tatu, mavumbi ya leo juu ya mavumbi ya jana haina tofauti. Chupi, soksi, nguo zenye zimegusa choo na za kunyonyeshea, hizo ndio hazingoje.

Halafu kupanga mstari. Maji ya sabuni ya kwanza inafula nyeupe, ileile inachukua za rangi nyepesi, kisha za rangi kali na majinzi, mwisho matambara ya chini, na ikishakuwa nyeusi kabisa inasugua veranda na choo. Maji ya mwisho ya kusuuza usimwage, hiyo njo maji ya kwanza ya raundi ingine. Nguo za mtoto mchanga hazimo mu huu mstari, zinakuwa na beseni yao na maji mpya, hapo sitake kusikia mambo ya kubana maji.

Na kuloweka kunabana maji kuliko kusugua. Nguo ikilala saa moja mu sabuni, uchafu unaachia wenyewe, ukikimbilia kusugua kavu-kavu unamwaga sabuni, unachoka mgongo, na kitambaa kinakonda. Usiache mpaka kesho tu, hapa kwetu baridi ya usiku haizuie harufu ya uvundo.

Maji ya mvua ao ya ziwa, gani inafula vizuri?

Ya mvua. Maji ya Kivu iko na chumvi-chumvi za volkano, sabuni ya kipande inashindwa kutoa povu na inaacha ule utando mweupe ku nguo nyeusi. Kama ni ya ziwa tu unayo, omo inavumilia kuliko sabuni ya kipande. Mvua nayo iko na adabu yake: ile ya kwanza kisha siku nyingi za jua inabeba majivu na moshi wa Nyiragongo uliolala ku mabati, iache ipite, chota ya nyuma. Na hiyo ni ya kufula, usiipe mtoto kunywa bila kuitengeneza.

Kushi za kitambaa, zile nepi za mtoto: nazifula namna gani, na javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nyeupe, naweka wakati gani?

Kushi za kutupa ni bei, na zikijaa kwenye mfereji mvua inazirudisha ku mlango ya jirani, kwa hiyo ba mama mingi banarudi ku kitambaa, na mimi nawaunga mkono. Pamba laini, kata pembe nne, kunja, juu yake chupi ya plastiki wakati wa kutoka.

Mavi inaenda chooni, yote, hata ya mtoto mchanga mwenye ananyonya tu, watu wanasema haina uchafu, iko nao. Usisuuze ku ziwa, usimwage ku mtaro. Huku Goma kolera hatuisomake ku kitabu: Julai 1994, mu makambi ya wakimbizi kando ya mji, kolera na kuhara damu ziliua watu makumi ya elfu, na mpaka leo ugonjwa unarudi wakati maji safi inakosekana. Kama mtoto anahara sana, nguo zake mbali na zingine, mbali na penye unachota maji ya kunywa, loweka mu maji ya javeli kwa kipimo cha ku chupa, fua, anika jua kali, nawa mikono na sabuni. Na mtoto mwenyewe umpeleke kituo cha afya siku ileile, kufula haimponyeshe.

Sasa javeli. Kushi yenye imelala na mkojo usiku nzima usiitupe moja kwa moja mu javeli, juu ule ukali wa mkojo ukikutana na javeli unatoa hewa yenye inachoma macho na kifua, na wewe umeinama juu ya beseni na mtoto mgongoni. Suuza kwanza na maji tupu, fua na sabuni, javeli mwisho na kidogo. Usiichanganye na siki, ndimu, wala dawa ya kusafisha choo, hata siku moja. Na chupa ya javeli ikae mbali na jua na mbali na mtoto: jua inaua nguvu yake, na kila fundi wa kartie anajua hadithi ya mtoto aliyekunywa juu ilikuwa mu chupa ya Fanta. Usiweke mu chupa ya Fanta.

Doa ya mawese, ya ndizi, ya maziwa. Nimeshindwa.

Usianze na maji moto kwa kila kitu, njo kosa kubwa. Maziwa, damu, yai: maji baridi kwanza. Ukipeleka moto inaiva ndani ya uzi na haitoke tena.

Mawese ni kinyume. Usitie maji hata tone, chukua sabuni ya kipande, sugua juu ya mafuta ikiwa kavu, acha dakika chache, kisha maji ya vuguvugu. Mafuta itatoka, rangi ya machungwa itabaki, na hapo ba mama banakata tamaa banaanza na javeli. Weka nguo ku jua tu. Ile rangi ni ya namna ya karoti, jua inaila, siku mbili tatu za jua la Julai na haionekane tena. Lakini ukiipiga pasi mbele ya kutoka, basi, ikae hivyo. Sombe na mawese pamoja ni vita mbili, fanya mafuta kwanza, kijani kinafuata.

Utomvu wa ndizi sikudanganye. Ukiwa mbichi hauna rangi, unafikiri umeshinda, kesho yake uko kahawia. Ukiuona bado haujakauka, mafuta kidogo ya kupikia inaweza kuulegeza, kisha sabuni. Ukishakuwa kahawia, ile nguo imekuwa ya nyumbani. Njo maana siku ya kumenya ndizi kila mtu mu nyumba yangu anavaa nguo mbaya.

Shati nyeupe ya masomo mu mji wa vumbi nyeusi. Nani alifikiria ile?

Si mimi. Lakini Septemba inarudi kila mwaka na nyeupe na bulu zake, tufanye nini.

Vumbi yetu si udongo, ni jiwe ya volkano iliyosagika, na ikishuka majivu kabisa ni mbaya zaidi, iko na makali inakata uzi. Kwa hiyo kung'uta nguo ikiwa kavu, nje, kwa nguvu, mbele maji haijagusa. Mwenye anaitumbukiza ikiwa na vumbi na kuanza kusugua anaichuna, mwezi wa Desemba shati iko na matundu ku kiwiko na anamlaumu mtoto.

Kola: paka sabuni ya kipande, acha, maji ya vuguvugu, burashi ya meno ya zamani. Uchafu wa kola ni mafuta ya shingo, kwa hiyo moto inasaidia. Bulu ya kusuuzia iko poa, haitoe uchafu lakini inadanganya jicho nyeupe ionekane nyeupe zaidi, ikoroge vizuri mu maji kwanza juu ikibaki na vipande inaacha madoadoa.

Na angalia kamba yako. Ba mama mingi banaanika ku waya ya chuma, waya inatoa kutu, kutu inakaa ku bega ya shati, mama anaona doa anakimbilia javeli, na javeli inaikaza ile kutu kabisa. Kutu inatoka na ndimu na chumvi, uache ku jua, usuuze vizuri mbele ya kitu kingine chochote. Nunua kamba ya nilo, bei yake ni ndogo kuliko shati.

Kama uko na uwezo mtoto awe na shati mbili. Si tatu. Akiwa na tatu zote tatu zitakuwa chafu siku ya Ijumaa.

Kikwembe changu kinachuja. Nitie chumvi ao siki?

Watakuambia inashika rangi. Haishike. Rangi za siku hizi zimeshika ku kiwanda ao hazikushika, chumvi ya jikoni haina la kufanya. Fua peke yake mara za kwanza, maji baridi, umeigeuza ndani nje, usiloweke muda mrefu, anika kivulini. Mbele ya kununua angalia mgongo wa kitambaa: waksi ya kweli iko na rangi karibu sawa pande zote mbili, ile ya kuiga iko na uso tu. Siseme ununue Vlisco, Waholanzi banaitengeneza tangu 1846 na bei yake unaijua. Ya kuiga yenye rangi inashika inatosha kabisa kwa mama mwenye mtoto anamtapikia ku bega.

Nguo zangu haziwake, natembea na tisheti ya bwana. Nianzie wapi bila makuta mingi?

Anzia na yard 6, ile vikwembe vitatu. Kata libaya moja ya kunyonyeshea, jipi moja ya lasitiki ku kiuno, na kinachobaki kiwe cha kubebea mtoto na kilemba. Kisha tafuta kikwembe cha pili chenye kinagawana rangi moja na cha kwanza, hapo libaya hii inaenda na jipi ile, na watu banaona nguo nne. Kikwembe cha Machi 8, siku ya wanawake, usikiache kwa siku moja ya mwaka, ondoa maandishi wakati wa kukata, fundi anaweza kuyapeleka ku upindo, na uko na nguo ya kazi.

Ku mitumba, mama mwenye mtoto mdogo asiguse chenye kinaomba pasi kila mara. Kamua kona ya kitambaa ndani ya ngumi, fungua, kama inabaki na makunyanzi mengi, rudisha. Nyeupe, rudisha. Shanga za kushonwa kifuani, rudisha, mtoto atazing'oa na kuzimeza. Na mitumba inafulwa mbele ya kuvaa, hata ikinuka vizuri.

Nywele zinatoka mafungu mafungu. Nimerogwa?

Hapana. Miezi mitatu minne kisha kuzaa inakuwaka hivyo kwa ba mama wengi, na zinarudi mbele ya mwaka. Usisuke kwa kuvuta, funga kilemba, na kilemba kizuri juu ya tisheti mbaya kinaokoa siku nzima. Kama mwaka unapita na bado zinatoka, ona muganga wa hospitali.

Kuanika: juu ya mawe inakauka haraka, kwa nini unakataza?

Jiwe ya lava iko na moto kweli, lakini inakwaruza kitambaa, na nguo mbichi ya chini inavuta nzi mmoja mwenye anapenda harufu ya mkojo na jasho, anataga, mtoto akivaa funza inaingia ku ngozi yake inatoka kama jipu. Anika juu, ku jua, na piga pasi nguo za mtoto mchanga pande zote mbili, hasa mishono na lasitiki, juu moto wa pasi njo unaua yale mayai.

Usianike tena mu mashimo ya chini yenye hewa haitembee. Mnajua mazuku, ile hewa nzito inalala penye kumeinama, haina rangi. Mtoto anakimbia kufuata soksi yenye upepo umeangusha, haurudi kumuona. Kama mbuzi ao kuku walishakufa pale bila sababu, hakuna kamba ya nguo pale.

Miezi ya mvua hazikauke. Naweza kuzianika ndani juu ya makala?

Na mlango wazi na dirisha wazi, na hakuna mtu analala mule, unaweza kukausha chache, mbali na moto. Mlango ukifungwa, hapana. Makala inatoa hewa yenye haina harufu na inaua watu usingizini, pasi ya makala nayo ni vilevile, ipigie nje ku veranda. Afadhali kamua vizuri, kunja nguo ndani ya kikwembe kikavu mpinde pamoja, maji inahama, kisha anika chini ya bati penye upepo. Na miezi ile, Oktoba, Novemba, Aprili, usifule majinzi yote siku moja.

Bwana yangu anasema beseni ni ya wanawake.

Na bidoni ya kupanda nayo ni ya wanawake? Mimi nimeona ba papa bananyoosha suruali mpaka mkunjo unakata karatasi, mikono yao inajua. Usianze na mjadala, anza na kitu kimoja: mashati yake. Siku mbili akivaa yenye haikufulwa atakuja. Kijana wa miaka 10 naye afule soksi na chupi yake, msichana na mvulana sawasawa. Kama mko na makuta kidogo, ita mama mwenye anafulia watu, mpe mashuka na majinzi, vile vizito, umlipe siku ileile na umpe chakula, na chupi zenu msimpe.

Natoka na moto, mtoto mgongoni, kikwembe kirefu. Nivae namna gani?

Ncha zote za kikwembe ndani, zimefungwa, hakuna kinaning'inia upande wa gurudumu wala wa mnyororo, motari akikuharakisha mwambie angoje. Chini ya jipi vaa kaptula ya kubana, utapanda bila kuhangaika. Kiatu cha kisigino kirefu kibebe mu mkoba, mawe ya kartie inakula kisigino siku moja, vaa ndala mpaka ku lami na ubadilishe pale.